Mtaala mpya usimtenge daktari wa kesho na fasihi

Wazazi wengi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Buruburu na Umoja hadi Kayole na Dandora, wana ndoto moja kuhusu mtoto anayefanya vyema darasani: awe daktari. Ndoto hiyo sasa inaanza kuamuliwa mtoto akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na uamuzi wenyewe una gharama ambayo haijajadiliwa vya kutosha.

Chini ya mtaala wa umilisi, maarufu kama CBC, mwanafunzi anayejiunga na sekondari ya juu katika Gredi ya 10 huchagua mmoja kati ya mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati (STEM), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Serikali imeweka lengo kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa STEM, asilimia 25 Sayansi ya Jamii na asilimia 15 Sanaa na Michezo. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa kuanza masomo Januari 2026.

Kiingereza na Kiswahili ni masomo ya lazima kwa wote. Hata hivyo, fasihi ya lugha hizo mbili, ambayo chini ya mfumo wa 8-4-4 kila mtahiniwa wa KCSE alilazimika kuisoma, imetengwa kuwa somo la kuchaguliwa katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Mwanafunzi huchagua masomo matatu ya kuongezea yale ya lazima, na yule anayelenga udaktari ana kila sababu ya kujaza nafasi hizo kwa Biolojia, Kemia na Fizikia.

Huenda basi Kenya ikapata kizazi cha madaktari ambao mara yao ya mwisho kuichambua riwaya au tamthilia kwa makini ilikuwa Gredi ya 9. Wapo watakaosema hilo si neno, kwa kuwa mgonjwa hatibiwi kwa mashairi. Hoja hiyo ina mvuto, lakini anayeijua hali ya hospitali zinazowahudumia wakazi wa mashariki mwa jiji atasita kuikubali.

Lugha ya chumba cha daktari

Daktari wa Kenya hufunzwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza na huandika faili ya mgonjwa kwa Kiingereza. Mgonjwa anayeketi mbele yake katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, inayotegemewa na wakazi wa Umoja, Kayole, Komarock na Dandora, huja na Kiswahili, Sheng, au lugha ya mama iliyovishwa maneno machache ya Kiswahili. Kazi ya kwanza ya daktari huyo, kabla ya kipimo chochote, ni kufasiri.

Chukua neno “homa”. Kwa Mkenya mmoja ni mafua ya kawaida; kwa mwingine ni joto la mwili; kwa mgeni kutoka Tanzania huenda likamaanisha malaria. Neno hilohilo huzaa homa ya matumbo, homa ya mapafu, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, maradhi manne yasiyofanana kwa chanzo wala kwa tiba. Mgonjwa anaposema “nina homa”, bado hajasema jambo ambalo daktari anaweza kuliandikia dawa.

Neno “presha” nalo limezoeleka kiasi kwamba kila mtu hudhani analielewa. Mtaani, presha ni kitu kinachopanda mtu anapokasirishwa na kushuka anapotulia. Mgonjwa mwenye imani hiyo ataacha kumeza tembe siku anayojihisi mtulivu, na daktari asiyeuliza neno hilo lina maana gani kwa mgonjwa wake ataendelea kuongeza dozi bila kujua kwamba tembe hazimezwi.

Vivyo hivyo, mama anayesema ana “mawazo mengi” hasemi kwamba anafikiri sana. Mara nyingi hayo ndiyo maneno pekee aliyo nayo ya kuelezea huzuni iliyogeuka ugonjwa. Akiandikiwa dawa ya kuumwa na kichwa, ataichukua, atashukuru, na atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Katika Sheng, ambayo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ilikulia katika mitaa hii ya Eastlands, mambo huwa na pazia zaidi. Kijana anayesema rafiki yake “amekanyaga waya” anazungumzia virusi vya ukimwi. Mara nyingine rafiki huyo hayupo. Anayeulizia ndiye mwenyewe.

Mambo haya yote yana majina, na majina hayo hayatoki katika vitabu vya tiba. Ni tafsida, jazanda, kinaya na maana fiche, istilahi ambazo mwanafunzi wa sekondari hukutana nazo katika kipindi cha fasihi. Mwanafunzi aliyefunzwa kujiuliza kwa nini mhusika fulani amenyamaza katika onyesho la pili amejizoeza pia kujiuliza kwa nini mgonjwa amenyamaza alipoulizwa kuhusu mumewe.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo humlaumu mgonjwa. Lakini wapo wagonjwa ambao hawafichi kwa hiari: mlango wa chumba uko wazi, foleni inasikiliza, na anayeuliza hajainua macho kutoka kwenye karatasi. Mzee wa miaka 65 hataeleza shida ya haja ndogo mbele ya jirani zake wa Jericho au Maringo, hasa ikiwa anayemuuliza ni binti wa umri wa mjukuu wake ambaye hakumwita hata “mzee”.

Yaliyothibitishwa mahakamani

Athari za kukosekana kwa sikio na heshima katika hospitali za umma si za kudhaniwa. Zimeandikwa katika hukumu za mahakama na katika tafiti.

Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka wa 1926, ni mojawapo ya hospitali kubwa za uzazi katika Afrika kusini mwa Sahara, na wakazi wengi wa Eastlands walizaliwa humo. Mwaka wa 2007, ripoti ya chama cha mawakili wanawake FIDA Kenya na kituo cha kimataifa cha kutetea haki za uzazi ilikusanya ushahidi wa wanawake waliotukanwa, waliopuuzwa na waliozuiliwa baada ya kujifungua katika hospitali mbalimbali nchini, Pumwani ikiwamo.

Mnamo Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki za wanawake wawili zilikiukwa walipozuiliwa Pumwani mwaka wa 2010 kwa kushindwa kulipa bili. Mahakama iliagiza mmoja alipwe fidia ya Sh1.5 milioni na mwingine Sh500,000. Ada za kujifungua katika hospitali za umma zilikuwa tayari zimefutwa kuanzia Juni 2013.

Wala tatizo halikuwa la Nairobi pekee. Machi 2018, Mahakama Kuu mjini Bungoma ilimpa fidia ya Sh2.5 milioni mama aliyejifungulia sakafuni mwaka wa 2013 na kisha kupigwa na wauguzi.

Utafiti uliotoa picha pana zaidi ni ule wa mradi wa Heshima, ulioendeshwa na shirika la Population Council kwa ushirikiano na FIDA Kenya na chama cha kitaifa cha wauguzi. Watafiti waliwahoji wanawake 641 walipokuwa wakitoka katika vituo 13 vya afya, vikiwamo vya Nairobi. Asilimia 20 walisema walidhalilishwa kwa namna moja au nyingine wakati wa kujifungua. Asilimia 18 walitendewa bila staha, asilimia 14.3 walitelekezwa na asilimia 8.5 hawakuhifadhiwa siri zao. Waliopigwa au kuumizwa mwilini walikuwa asilimia 4.2.

Ukiziangalia takwimu hizo kwa makini, utaona kwamba makosa yaliyotajwa zaidi ni ya kauli, ya kutazama na ya kusikiliza. Mengi kati yake hayahitaji bajeti ili kuyaepuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini anayemhudumia mzazi anaweza kufunzwa kuukadiria.

Na ndivyo mradi huo ulivyofanya. Wahudumu walipitishwa katika mafunzo ya kuchunguza maadili na mitazamo yao wenyewe kuhusu wanawake waliowahudumia. Zilianzishwa pia siku maalumu ambapo wajawazito na jamaa zao walizuru wodi za uzazi na kuzungumza na wauguzi kabla ya siku ya kujifungua, na mbinu za kusuluhisha malalamiko bila kwenda kortini. Baada ya hatua hizo, idadi ya wanawake waliosema walidhalilishwa ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13.

Asilimia 13 bado ni aibu. Lakini tofauti hiyo haikuletwa na mashine mpya wala dawa mpya. Ililetwa na watu walioketi wakaulizwa maswali ambayo wasomi wa fasihi na falsafa wameyauliza kwa karne nyingi: huyu aliye mbele yangu ni nani, na mimi ni nani kwake?

Historia ya mgonjwa

Madaktari wenyewe huiita hatua ya kwanza ya uchunguzi “kuchukua historia”. Katika Eastlands, neno hilo lina uzito zaidi ya linavyotumika kliniki.

Mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Makongeni na Bahati ilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya vibarua wa Kiafrika, wengi wao wanaume ambao serikali haikutarajia waishi mjini na familia zao. Vyumba vilikuwa vidogo kwa sababu vilikusudiwa mtu wa kulala na kuamkia kazini. Familia nzima zimeishi humo kwa vizazi kadhaa tangu wakati huo. Daktari anayemtibu mkazi wa chumba cha aina hiyo ugonjwa wa kifua kikuu, kisha akamshauri alale peke yake hadi apate nafuu, ametoa ushauri sahihi usiotekelezeka.

Mfano wa Dandora ni mzito zaidi. Jaa la taka la mtaa huo limetumika tangu miaka ya 1970. Mwaka wa 2007, utafiti uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP) uliwapima watoto 328 waliokuwa wakiishi au kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichozidi kile kilichokubalika kimataifa wakati huo.

Sumu ya risasi haina alama usoni. Mtoto huwa mchovu, huumwa na tumbo, hupungukiwa na damu au hushindwa kushika masomo, na kila moja ya dalili hizo inaweza kupewa maelezo mengine yaliyo rahisi. Swali linaloweza kuufichua ugonjwa ni la mwanahistoria na mwanajiografia kabla ya kuwa la maabara: mnaishi wapi, tangu lini, na mtoto huchezea wapi?

Kwa mintarafu hiyo, daktari asiyeijua Dandora ni ya namna gani, ilikujaje kuwa hivyo na nani huishi kwa kuokota taka humo, anamwona mtoto mmoja tu mwenye tumbo linalouma. Mwenye maarifa hayo huona zaidi, na hujua ni kipimo gani cha kuagiza.

Nairobi na Hershey, 1967

Wazo la kuwafunza madaktari fasihi, historia, falsafa na sanaa si geni duniani. Mwaka wa 1967, mwaka uleule ambapo shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza, chuo cha tiba cha Pennsylvania State University mjini Hershey, Marekani, kilifungua milango kikiwa na idara ya masomo ya utu na fasihi, ya kwanza ya aina yake katika shule ya tiba. Shule mbili za umri mmoja zilishika njia tofauti.

Nchini Uingereza, baraza linalosimamia taaluma ya udaktari lilitoa mwongozo mwaka wa 1993 uliopunguza mzigo wa kukariri na kuwapa wanafunzi nafasi ya kuchagua masomo ya ziada. Baadhi ya vyuo viliitumia nafasi hiyo kufunza fasihi na historia ya tiba. Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York kilianzisha programu ya tiba simulizi mwaka wa 2000 chini ya Rita Charon, daktari aliyesomea pia fasihi. Na mnamo Desemba 2020, muungano wa vyuo vya tiba vya Marekani ulitoa ripoti iliyotamka kwamba sanaa na masomo ya utu yana nafasi ya msingi, si ya pambo, katika kumwandaa daktari.

Ushahidi upo pia. Mwaka wa 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi wa udaktari waliofunzwa kutazama na kueleza michoro ya watu katika jumba la sanaa waliboresha uwezo wao wa kubaini dalili katika picha za wagonjwa kuliko wenzao. Mwaka wa 2009, utafiti uliofanywa katika chuo cha tiba cha Jefferson, Philadelphia, uligundua kwamba uwezo wa wanafunzi kuhisi hali ya mgonjwa ulishuka sana katika mwaka wa tatu, yaani pale wanapoanza kuingia wodini. Tafiti za baadaye katika nchi nyingine hazijatoa jibu moja, lakini onyo hilo limebaki: mafunzo ya udaktari yanaweza kumnyang’anya mtu kitu alichokuja nacho.

Hapa Kenya, vyuo vya tiba haviyakosi kabisa masomo haya. Saikolojia, sosholojia ya tiba na maadili ya kazi hufunzwa. Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kimejulikana tangu miaka ya 1990 kwa mfumo wa kuwapeleka wanafunzi wa udaktari wakaishi na kujifunza katika jamii. Lakini somo lisilopewa uzito katika mtihani huwa halipewi uzito na mwanafunzi, na kijana aliyekesha kwa ajili ya anatomia hana usiku mwingine wa kusoma riwaya.

Vitabu teule vilivyotangulia

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Kenya imekuwa na daraja hili siku zote, bila kulitambua kama sehemu ya mafunzo ya madaktari.

Vijana waliofanya KCSE katikati ya miaka ya 2010 walisoma tamthilia ya Mstahiki Meya yake Timothy Arege, ambamo Daktari Siki anahudumu mahali pasipo na dawa huku meya akiwa na uwezo wa kumpeleka mkewe ng’ambo kujifungua. Walisoma pia riwaya ya Kidagaa Kimemwozea yake Ken Walibora, ambamo mtoto mchanga anafariki baada ya kufikishwa katika zahanati ambayo wahudumu wake hawakumjali. Walibora mwenyewe alifariki Aprili 2020 baada ya kugongwa na matatu katika barabara ya Landhies, njia inayounganisha katikati ya jiji na Eastlands.

Wengi wa watahiniwa wale waliojiunga na udaktari sasa wamehitimu. Ndio wanaopokea zamu za usiku katika hospitali za kaunti. Wakiwa na miaka 17, waliandika insha za mtihani kuhusu muuguzi asiyejali na daktari asiye na dawa. Kisha walipovuka lango la chuo kikuu, hakuna aliyewataka warejee kwenye vitabu hivyo wakiwa sasa wao ndio wenye koti jeupe.

Waliotangulia kuandika kwa Kiingereza walifanya kazi hiyohiyo. Katika Coming to Birth, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye ya mwaka wa 1986 iliyowahi pia kusomwa shuleni, msichana wa miaka 16 aitwaye Paulina anawasili Nairobi kumfuata mumewe mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari. Anaharibikiwa na mimba, na baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini anapotea njia katika jiji asilolijua. Hospitali ilikuwa imemaliza kazi yake. Hakuna aliyemuuliza kama anajua njia ya kurudi nyumbani.

Kadhalika, nchi hii imewahi kuwa na madaktari walioshika kalamu. Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika The River and the Source, iliyochapishwa mwaka wa 1994 na kushinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Alikuwa akisimamia huduma za matibabu katika kituo cha Cottolengo jijini Nairobi, kilichowatunza mayatima wenye virusi vya ukimwi. Kitabu chake cha mwaka wa 2002, I Swear by Apollo, kina jina linalotokana na kiapo cha madaktari. Aliaga dunia mwaka wa 2011.

Naye Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji, aliandika safu ya kumbukumbu za daktari mpasuaji katika gazeti la Sunday Nation kuanzia mwaka wa 1980, na akaiendeleza kwa miongo mingi. Wasomaji ambao hawakuwahi kulazwa walijifunza kupitia kwake kwamba daktari naye huogopa, hukosea na huomboleza. Dawood alifariki Januari 2023.

Pingamizi la wenye njaa

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Je, ni haki kumwambia daktari anayewahudumia makumi ya wagonjwa kwa siku, katika kituo kisicho na glavu za kutosha, kwamba anachokosa ni fasihi?

Madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017. Waligoma tena kwa siku 56 mwaka wa 2024, na miongoni mwa masuala makuu yalikuwa malipo na kutumwa kazini kwa madaktari wanagenzi. Kijana aliyesoma miaka sita, kisha akakaa nyumbani akingoja serikali imtume hospitalini, anaweza kuuona mjadala wa riwaya kuwa dhihaka. Na mhudumu aliyechoka hukosa subira hata kama amesoma maktaba nzima.

Isitoshe, kuna hatari ya masomo haya kutumiwa kama kisingizio. Ni rahisi kwa serikali kuandaa warsha ya siku mbili kuhusu huruma kuliko kuajiri wauguzi 200. Mafunzo ya heshima yasiyoambatana na vitanda, dawa na mishahara yatageuka mahubiri.

Pingamizi hizi zinastahili kukubaliwa, lakini haziifuti hoja ya msingi. Dawa zinapopatikana, bado lazima zielekezwe kwa ugonjwa uliopo, na ugonjwa uliopo hujulikana kwa kusikiliza. Hospitali maskini ina mashine chache za kuirekebisha tafsiri mbaya ya daktari. Katika hospitali ya kifahari, maneno ya mgonjwa yasipoeleweka, picha za eksirei na vipimo vya damu vitafidia. Katika zahanati ya Kariobangi au Korogocho, maneno ya mgonjwa ndiyo sehemu kubwa ya ushahidi uliopo. Anayehitaji zaidi daktari mwenye sikio ni maskini.

Hatua zilizo karibu

Marekebisho yanayohitajika hayatishi hazina ya taifa. Katika sekondari ya juu, wasimamizi wa mtaala wanaweza kuhakikisha kwamba Kiswahili na Kiingereza cha lazima vinabaki na angalau riwaya moja na tamthilia moja zinazosomwa kwa ukamilifu na kutahiniwa, hata kwa mwanafunzi wa STEM. Uhandisi, uuguzi na udaktari ni kazi za kukutana na watu.

Vyuo vya tiba navyo vinaweza kuyarudisha masomo haya katika miaka ya wodini, wakati mwanafunzi ana mgonjwa halisi wa kumfikiria, badala ya kuyamaliza katika mwaka wa kwanza yakasahaulika. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tiba wanaweza kuketi pamoja wakaandaa somo kuhusu namna Wakenya wanavyoeleza maumivu, kuanzia “kichomi” hadi “mawazo”. Vyuo vikuu vyenye shule za tiba vina idara za lugha. Umbali kati yake si mrefu.

Mafunzo hayo yasiishie kwa madaktari. Wakazi wengi wa Eastlands hukutana kwanza na muuguzi, afisa wa kliniki au mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali iliwapa vifaa vya kazi Septemba 2023 na ambao huzunguka nyumba kwa nyumba. Mhamasishaji anayeishi Mathare anaifahamu lugha ya Mathare kuliko profesa yeyote. Mwanafunzi wa udaktari angefaidika kumfuata kwa wiki mbili akisikiliza tu, kabla ya kuanza kuandika.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hakuna daktari atakayelala katika kila kitanda cha mgonjwa wake, kuanzia Pumwani hadi Dandora, na hakuna anayemtaka afanye hivyo. Fasihi na historia humpa njia ya kuwasikia waliolala humo wakisimulia. Wanaopanga mikondo ya Gredi ya 10 wana nafasi ya kuamua kama njia hiyo itafungwa mtoto akiwa na miaka 15.